Namba za Siku ya Jumanne

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Rahaf alipanda ngazi hadi chumba cha juu kabisa cha nyumba yao, akafunga mlango taratibu, akatafuta nukta nyekundu kwenye ukuta mweupe.

Ilikuwa nukta ya mwanga. Mwanga huo ulitoka kwenye taa ndogo ya leza iliyofungwa imara mezani, ukapiga kioo kidogo kama ukucha, kisha ukarudi na kutua ukutani kwenye karatasi ya grafu. Kioo chenyewe kiligundishwa kwenye kipande cha sumaku, na sumaku ilining'inizwa kwa uzi mwembamba ndani ya chupa kubwa ya kioo, ya zile za kutilia achari. Chupa ilifunikwa vizuri ili upepo wa kiyoyozi usiingie. Sumaku ilipogeuka kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, nukta ukutani ilisogea milimita moja au mbili. Kazi ya Rahaf ilikuwa kusoma nukta imesimama milimita ngapi kutoka mstari wa sifuri, kisha kuandika namba hiyo pamoja na saa.

Rahaf alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliionea fahari kazi ile. Katika shule yao ya wasichana hapo Matrah, mji wa pwani katika nchi ya Waarabu, yeye ndiye aliyechaguliwa kukaa na chupa, kwa sababu nyumba yao ilikuwa juu kichochoroni, upande wa mlima, mbali na magari. Gari ni chuma, na chuma huvuta sumaku. Chupa nyingine ya namna hiyo ilikuwa Qurayyat, mji mwingine wa pwani, kwa mvulana aliyeitwa Sleiman, ambaye Rahaf hakuwahi kumwona. Namba za wote wawili zilikuwa zikipelekwa chuo kikuu, kwa mtafiti aliyeitwa Daktari Asaad.

Mwalimu wao wa sayansi, Ustadha Wadha, aliwaeleza darasani kazi hiyo ni ya nini.

"Jua halitupi mwanga na joto tu," alisema. "Linatoa pia upepo. Si upepo huu wa kupeperusha nguo. Ni chembe ndogo mno zenye umeme, zinazokuja mbio mchana na usiku. Hazitufikii hivi hivi tu, maana dunia ni sumaku kubwa, na nguvu ya sumaku hiyo inatukinga. Mmewahi kulala kwenye hema jangwani?"

Wengi waliinua mikono.

"Ukiwa ndani ya hema, upepo wa nje huuoni. Lakini ukivuma kwa nguvu, hema linatikisika, na taa uliyoitundika ndani inacheza. Sisi tumo ndani ya hema. Sumaku ile ndani ya chupa ndiyo taa yetu."

Vipimo vilichukuliwa mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa saba mchana, na saa kumi na moja jioni. Saa saba Rahaf alikuwa bado shuleni, kwa hiyo kipimo cha mchana alikisoma Pelagia.

Pelagia alitoka Sumbawanga, Tanzania, na alikuwa na mwaka wa tatu akifanya kazi katika nyumba ile. Alipika, alifua, na alimhudumia bibi yake Rahaf, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua. Nyumbani walizungumza Kiswahili, kwa kuwa Bibi alizaliwa pwani ya Afrika Mashariki. Kwao alimwacha binti yake, Anjelina, aliyelingana na Rahaf kwa umri. Rahaf alipomwonyesha namna ya kusoma nukta, Pelagia aliuliza maswali mawili tu: asome ukingo wa nukta au katikati yake, na je, namba ikiwa ileile ya jana aiandike pia?

"Katikati, dada Pelagia. Na uandike kila siku, hata kama ni ileile."

"Sawa. Kila siku."

Akawa anaiandika kwenye kikaratasi kilichobandikwa mlangoni, na jioni Rahaf aliinakili kwenye fomu ya shule na kukitupa kikaratasi. Kwa miezi miwili namba zilikuwa mbili, tatu, nne. Mara chache sana zilifika sita.

Jumanne moja Rahaf alirudi shuleni, akala, akafanya kazi zake za Kiarabu, na saa kumi na moja ilipokaribia akapanda juu. Kwenye kikaratasi cha mlangoni paliandikwa: saa saba kamili, ishirini na sita.

Akadhani amesoma vibaya. Akakisoma tena. Akaingia ndani. Nukta nyekundu haikuwa mahali pake. Ilikuwa mbali upande wa kulia, kwenye ishirini na mbili, na ilikuwa ikitembea polepole. Akatazama chini. Sakafu ilikuwa inang'aa. Ilikuwa imepigwa deki siku hiyo.

Akateremka jikoni kwa haraka.

"Dada Pelagia, umeisukuma meza?"

Pelagia alikuwa anakatakata vitunguu. Akaweka kisu chini. "Nimepiga deki, ndiyo, lakini mapema, saa tatu. Meza sikuigusa. Nukta nimeikuta imekwenda huko yenyewe."

"Haiwezi kwenda yenyewe. Haijawahi kupita sita."

"Hata mimi nimeshangaa. Nimeiangalia sana, Rahaf. Inatembea, inarudi, inatembea tena."

"Umeigonga kwa ndoo, hukujua."

"Sikuigonga," alisema Pelagia, akashika kisu chake tena.

Rahaf alirudi juu akakaa kitako sakafuni na fomu mapajani. Jumapili fomu ya wiki ilitakiwa shuleni. Ustadha Wadha alishasema kwamba meza ikisogezwa, vipimo vyote vinaanza upya. Miezi miwili ingepotea. Na wasichana wengine wangesema nini? Kwamba chupa alipewa Rahaf, na Rahaf akashindwa kuitunza.

Namba ya jioni alikuwa ameshaiandika kwa penseli: ishirini na mbili. Akachukua kifutio, akaifuta. Mahali pake akaandika tatu. Kwenye saa saba akaandika nne. Kisha akakikunja kile kikaratasi cha mlangoni, akakitia kwenye taka.

Mama yake aliporudi kutoka kazini wizarani, alimkuta amenuna.

"Una nini?"

"Dada Pelagia ameisukuma meza ya chupa, halafu anakataa."

Mama alikuwa amechoka na foleni ya magari. Alimwita Pelagia, wala hakumuuliza mengi. "Pelagia, kuanzia leo chumba cha juu usiingie. Rahaf mwenyewe atakisafisha."

"Sawa, mama," alijibu Pelagia. Akaenda kumpelekea bibi maji ya kutawadhia.

Siku ya Jumatano saa saba hapakuwa na mtu wa kusoma nukta. Jioni Rahaf akabuni namba, akaandika tatu. Alhamisi akabuni tena. Alishangaa jinsi mkono wake ulivyoandika bila kusita.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkwama kama mwiba wa samaki kooni. Jumatano asubuhi nukta ilikuwa kwenye tisa, ingawa kwenye fomu aliandika nne. Alhamisi ilikuwa kwenye nne. Ilikuwa inarudi nyumbani polepole, na hakuna aliyeigusa meza. Kama Pelagia aliisukuma Jumanne, nani aliirudisha?

Ijumaa mchana bibi yake alimtazama akichezea wali sahanini.

"We mtoto, nnakuona siku mbili hizi huli. Na yule Pelagia naye kanyamaza, kama si yeye. Mmegombana?"

"Hatukugombana, Bibi."

"Haya," alisema Bibi. "Mie sikulazimishi. Lakini nyumba hii haijawahi kuwa kimya hivi."

Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya shule, Ustadha Wadha alimwita Rahaf maabara. Wageni walikuwa wamekuja: Daktari Asaad wa chuo kikuu, na kutoka Qurayyat, Sleiman na mwalimu wake. Daktari alikuwa bado nje akizungumza na mkuu wa shule. Sleiman alikuwa mvulana mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa ameikunjua karatasi yake mezani kana kwamba anaiogopa.

"Ya kwako iliruka Jumanne?" alimuuliza Rahaf kwa Kiarabu.

"Kuruka vipi?"

"Ya kwangu ilikwenda mpaka ishirini na nne. Ndugu zangu wamenicheka. Wamesema nimeipiga teke meza nikasahau. Mimi sikuipiga. Lakini kama ya kwako haikuruka, basi watakuwa wanasema kweli."

Rahaf aliangalia mezani. Fomu yake ilikuwa mbele yao, na mstari wa wiki nzima ulikuwa umenyooka kama rula.

"Haikuruka," alisema.

Sleiman aliitazama fomu hiyo, akatikisa kichwa, akatoa penseli. Pembeni ya ishirini na nne akaanza kuandika kwa herufi ndogo: huenda meza iligongwa.

Hapo ndipo Daktari Asaad alipoingia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kanzu nyeupe na kofia iliyokaa upande kidogo, na alianza kuzungumza kabla hajakaa.

"Wiki iliyopita tumepata bahati. Jumapili jua lilitupa wingu kubwa la zile chembe zake, na wingu lile lilisafiri siku mbili likaipiga sumaku ya dunia Jumanne, kabla ya adhuhuri kwa saa zetu. Vituo vya dunia nzima vimeiona tufani hiyo. Sasa nataka kuona kama chupa zetu za achari zimeiona."

Akaichukua karatasi ya Sleiman. Akatabasamu mpaka macho yakafumba. "Hii hapa. Ishirini na nne. Nani ameandika kwamba meza iligongwa?"

"Mimi," alisema Sleiman. "Sasa hivi."

"Kifute hicho. Meza haikugongwa na mtu, imegongwa na jua."

Kisha akaichukua fomu ya Rahaf. Akaigeuza, akaitazama tena, na tabasamu likapungua.

"Ya Matrah haijaona kitu. Ajabu. Labda uzi umegusa upande wa chupa, sumaku haizunguki." Akamgeukia Ustadha Wadha. "Basi hii tuiache. Chupa tutaichukua leo, na namba za Matrah hatutazitumia. Si kosa la mtoto. Vyombo huharibika."

Hivyo mambo yangekwisha. Rahaf hakutakiwa kusema lolote; chupa ilikuwa imeshabeba lawama. Akamkumbuka Pelagia akiweka kisu chini na kumjibu kwa utulivu kwamba hakuigusa meza. Kwanza alimbebesha Pelagia, na sasa angeibebesha chupa. Na huyu Sleiman, ambaye alichekwa na ndugu zake na bado akaandika alichokiona, alikuwa amekaribia kuikana namba yake ya kweli kwa sababu ya namba za uongo za mtu mwingine.

"Chupa haina kosa," alisema.

Sauti yake ilitoka ndogo. Ustadha Wadha akainama kidogo. "Umesema nini, Rahaf?"

"Chupa haijaharibika. Iliruka. Saa saba ilikuwa ishirini na sita, saa kumi na moja ilikuwa ishirini na mbili. Mimi nilizifuta. Nilidhani meza imesukumwa, nikaogopa mtaninyang'anya. Na za saa saba za Jumatano na Alhamisi hakuna aliyezisoma. Nimezibuni, na tisa ya Jumatano asubuhi nikaiandika nne."

Sleiman alitazama viatu vyake. Ustadha Wadha alikaa kwenye stuli iliyokuwa karibu, na Rahaf aliona kwamba mwalimu wake ameumia, si kwamba amekasirika tu, akatamani angekasirika.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema Daktari Asaad. "Lakini unaona shida yangu. Siwezi kuandika ishirini na sita kwa sababu umeniambia leo. Mtu aliyeandika asichokiona, neno lake linapungua uzito, hata anaposema kweli. Yupo mwingine aliyeiona nukta siku ile?"

"Dada Pelagia. Yeye ndiye aliyeisoma. Lakini karatasi yake niliitupa."

Ustadha Wadha alimsindikiza mpaka mlangoni. Wakiwa peke yao alizungumza naye Kiswahili, kama alivyofanya mara nyingine, kwa kuwa familia yake nayo ilitoka pwani ya Afrika Mashariki. "Kamwombe radhi. Usiende kwa ajili ya namba. Nenda kwa ajili yake."

Rahaf alimkuta Pelagia uani, anaanua nguo kwenye kamba. Alikuwa amepanga maneno mazuri njia nzima, lakini alipofika yote yalimpotea.

"Dada Pelagia, hukuisukuma meza. Lilikuwa jua. Mimi nilikusingizia kwa Mama. Nisamehe."

Pelagia alikunja shuka, akaliweka juu ya kapu, akakunja na jingine. "Nimekusikia," alisema. "Nikuambie kilichoniuma? Si kukatazwa chumba. Ni kwamba uliniuliza, nikakujibu kweli, ukanitazama kama sijasema kitu. Mimi nina mtoto kama wewe. Nisingependa awafanyie watu hivyo."

Rahaf alianza kulia. Pelagia alimwacha alie kidogo, kisha akampa ncha ya shuka. "Shika huku, tukunje. Nimekusamehe. Lakini kwa mama yako utasema wewe mwenyewe."

"Nitasema leo."

Walipomaliza nguo, Rahaf alimweleza yote: tufani, Sleiman, na kikaratasi kilichotupwa. Pelagia alisikiliza huku kichwa amekiinamisha upande. Kisha akaingia chumbani kwake, akarudi na ukurasa wa kalenda ya mwezi uliopita. Nyuma yake palikuwa na mistari saba ya kalamu ya wino, iliyonyooka vizuri.

Saa saba kamili, ishirini na sita. Saa saba na nusu, thelathini na moja. Saa nane, kumi na tisa. Iliendelea hivyo kila nusu saa mpaka saa kumi.

"Kikaratasi chako kilikuwa na nafasi ya namba moja tu," alisema Pelagia. "Nikaona hii inatembea, nikawa napanda kila nusu saa. Nilitaka kukuonyesha jioni ile. Halafu ukaja umekasirika."

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Shule ya msingi kulikuwa na kipima mvua. Kila asubuhi saa tatu mimi ndiye niliyekuwa nakisoma. Kiangazi, miezi na miezi hakuna tone. Nikamuuliza mwalimu, kwa nini niandike sifuri kila siku? Akaniambia, mvua isiponyesha, nayo ni habari. Usipoandika, mtu wa mbali hajui kama mvua haikunyesha au wewe ulilala."

Usiku ule, mama yake alipomaliza kula, Rahaf alimweleza kila kitu mbele ya Bibi na Pelagia. Mama alimgeukia Pelagia.

"Mimi nami nimekosa. Sikukuuliza hata swali moja. Niwie radhi."

"Yamekwisha, mama."

"Hayo ndo maneno," alisema Bibi. "Sasa nileteeni chai, na mnisomee hizo namba. Mie nlikuwa hapa Jumanne kutwa, sikuhisi hata jua likinipiga."

Siku iliyofuata Mama aliomba ruhusa kazini, akawapeleka Rahaf na Pelagia shuleni kwa gari. Daktari Asaad alifungua kompyuta yake, akaonyesha mstari uliotoka kwenye chombo kikubwa cha chuo. Akaulaza ukurasa wa kalenda pembeni, akaanza kuweka alama moja moja. Saa saba, sawa. Saa saba na nusu, pale mstari ulipopanda juu kuliko kote, palikuwa na thelathini na moja ya Pelagia. Saa nane mstari ulishuka, na namba yake ilishuka. Zote saba zilikwenda pamoja na mstari ule.

"Dada," alisema kwa Kiarabu cha polepole ili Pelagia aelewe, "Sleiman ana namba mbili za siku ile, kwa sababu na yeye alikuwa shuleni. Wewe una saba. Naomba ruhusa niziweke kwenye ripoti, na jina lako."

Pelagia aliuliza kama jina litaandikwa lote. Akaambiwa litaandikwa lote. Akalitaja polepole, na Daktari akaliandika.

Kisha Ustadha Wadha alisimama mbele ya darasa. Rahaf alijua kwamba yanayokuja yanamhusu, naye hakuinamisha kichwa.

"Watu wanaoongoza meli, wanaotunza satelaiti na wanaotuletea umeme wanataka kujua upepo wa jua utatufanya nini," alisema. "Hawawezi kuwa kila mahali. Wanategemea macho yetu. Ukiandika unachokiona, hata kikikushangaza, hata kikikutia aibu, umewasaidia. Ukiandika unachodhani wanataka kukiona, umewafumba macho, na pengine umemponza mtu asiye na hatia. Rahaf alikosea, akasema mwenyewe kabla hajabanwa. Kwa hilo ataendelea kukaa na chupa. Lakini kwa miezi mitatu kila namba yake itakuwa na sahihi ya mtu wa pili. Uaminifu ukipungua, hujengwa tena siku kwa siku, namba kwa namba."

"Mtu wa pili ni nani?" aliuliza msichana mmoja.

"Rahaf atachagua."

Rahaf akamtazama Pelagia, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mama yake. Pelagia akaitikia kwa kichwa.

Walipokuwa wakirudi, gari likipita kando ya bahari, Pelagia aliuliza kama upepo huo wa jua unafika na Sumbawanga.

"Unafika dunia nzima," alisema Rahaf.

Jioni Pelagia alimpigia simu binti yake, wakazungumza kwa muda mrefu. Rahaf, kwa upande wake, alimwandikia Daktari Asaad barua fupi ya kuomba vifaa vya chupa ya tatu, kwa msaada wa Ustadha Wadha, na Daktari akatoa sumaku moja, kioo kidogo na taa ya leza. Mwezi uliofuata jirani mmoja Mtanzania, aliyekuwa akienda likizo, alivichukua kwenye mzigo wake kumpelekea Anjelina, vimefungwa ndani ya soksi tatu.

Zilipita wiki nne. Asubuhi moja Rahaf na Pelagia walikuwa chumba cha juu, wameshasoma namba yao na kutia sahihi zote mbili, simu ya Pelagia ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa Anjelina. Hakuandika salamu, kwa kuwa alikuwa anachelewa shule. Aliandika tarehe, akaandika saa, na mbele yake namba moja ya nukta yake: sifuri.